Divai ya Bulla Pesa

Mwaka wa themanini na nne Isiolo ilikauka mpaka mbu wakahama. Ng'ombe wa Ngaremara waliuzwa kwa bei ya kuku, na kuku hawakuwa na bei kabisa kwa sababu hakuna aliyekuwa na kitu cha kuwamwagia. Mtaa mzima wa Bulla Pesa ulikula ugali wa mahindi ya njano ya msaada, ugali wenye rangi ya sherehe na ladha ya gunia. Katika mwaka kama huo mtu mwenye akili hufunga mdomo na kungoja. Lokol Ekai alikuwa na akili nyingi za mashine, kwani alikuwa fundi wa pampu za visima vya serikali, lakini mdomo wake haukufungwa breki. Ndiyo sababu Jumatano moja ya Septemba, akiwa na povu la sabuni shavu moja, alimtangazia kinyozi kwamba Jumamosi nyumbani kwake watu watakula chakula cha jioni na divai.

Kinyozi akasimamisha wembe hewani. "Divai? Ile ya kanisa?"

"Divai ya meza," Lokol akasema. "Nyekundu. Inanywewa polepole, katikati ya nyama na nyama. Mwambie Mzee Ntongai aje na njaa."

Kinyozi hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kwa kweli hata mara moja ilikuwa nyingi.

Mzee Ntongai alikuwa Mmeru wa kutoka upande wa Maua, mwenye miraa, pikapu mbili na suti moja yenye rangi ya maini. Mwanawe Mbaabu, karani wa ofisi ya mifugo, alikuwa kijana mwenye afya nzuri mpaka siku alipomwona Akal, binti ya Lokol, akifunga watu vidonda kwenye zahanati. Tangu hapo Mbaabu aliumwa kila wiki. Wiki hii kidole, wiki ijayo kisigino, na mara moja alikuja akisema anaumwa na kivuli. Mwaka ulipoisha Akal alimwambia dawa ya ugonjwa wake haiko kwenye chupa, amlete baba yake.

Baba mwenyewe hakutaka. Alikuwa amemwekea kijana jicho kwa binti ya mfanyabiashara mwenzake huko Maua. Alikubali kwenda kwa Lokol mara moja tu, ili kesho Mbaabu asiseme alikataliwa bila kusikizwa. Na pale soko la miraa, mbele ya watu, alisema, "Nitaenda. Lakini nitakula kwanza kwangu. Kwa Waturkana nitapewa nini, damu na maziwa? Na mwaka huu hata hao ng'ombe hawana damu."

Maneno ya Isiolo hayapandi gari, yanatembea kwa miguu na bado yanafika kabla ya mwenyewe. Haya yalimfikia Lokol akiwa kwenye kiti cha kinyozi, na hapo ndipo divai ilipozaliwa.

*

"Umesema nini kwa kinyozi?" Natabo, mkewe, alimwuliza kabla hajavua viatu.

"Nani amekuambia?"

"Mama wa maziwa. Na yeye ameambiwa na mtu wa makaa. Baba Akal, una chupa moja! Moja! Na wewe mwenyewe hujawahi kuionja."

Ilikuwa kweli. Chupa hiyo ilikaa chini ya kitanda tangu Pasaka, imevishwa soksi isije ikavunjika. Padre wa misheni, Mwitaliano mmoja mrefu kama mlingoti, alimpa Lokol baada ya kutengenezewa jenereta mkesha wa sikukuu. Usiku huo mapadre walimkaribisha mezani, lakini mikono yake ilikuwa na grisi hadi kwenye viwiko, akaona haya kushika glasi. Akatazama tu.

"Niliwaona kwa macho yangu," akasema. "Wanakula kidogo, wanakunywa kidogo, wanapangusa midomo, wanacheka, wanaenda kulala. Hakuna aliyepigwa, Natabo. Hakuna hata aliyeimba."

"Sasa hiyo ndiyo itamfanya Ntongai akubali?"

"Itamfanya afunge mdomo. Hiyo inatosha kuanzia."

Akal alikuwa ameinama anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Baba, hiyo divai haitaamua kitu. Ni kibuyu."

"Kibuyu gani?"

"Watakuja na kibuyu cha asali. Mbaabu ameniambia. Kwao asali ya posa ikishaliwa na nyumba ya msichana, basi, yamekwisha, hakuna kurudi nyuma. Yanabaki ya mbuzi tu. Lakini kinakuja kimefungwa kamba, na baba yake ndiye wa kuikata. Akikata, niko sawa. Asipokata, atabeba kibuyu chake vilevile kilivyo, na Jumamosi ile nyingine Mbaabu anapelekwa Maua kuona yule msichana."

"Na Mbaabu anasemaje?"

"Anasema ataruka kutoka kwenye pikapu."

"Pikapu ikiwa imesimama ama inaenda?"

"Baba!"

Lokol akacheka, lakini alipoona chozi limeanguka kwenye mchele akaacha. Alitoka akaenda kuitazama tena ile chupa, kana kwamba ingempa ushauri.

Mlangoni, juu ya ngozi yake ya ng'ombe, mama yake Lokol alikuwa ameketi. Akuam alikuwa mzee wa kukaa kimya, na kila mtu humo nyumbani aliamini kwamba mchana wote analala. Alihamisha tumbako kutoka shavu la kushoto hadi la kulia. Macho hakuyafungua.

*

Jumamosi saa kumi na moja mbuzi alikuwa ameshaiva, chapati zimefunikwa, glasi sita za kuazima zimepangwa mezani zikiwa na alama za vidole za mwalimu jirani, na Lokol alikuwa jikoni anapigana na kizibo.

Mtu aliyeweza kufungua injini ya lori kwa bisibisi na matusi alikuwa ameshindwa na kipande cha gome la mti. Alijaribu bisibisi, kizibo kikamwaga unga. Alijaribu msumari, msumari ukatoka peke yake. Mwishowe alishika nyundo.

"Wewe, hiyo si tairi," Natabo akamwonya.

Kizibo kikazama ndani, na divai ikaruka ikamchora shati jeupe kuanzia kola mpaka kifungo cha tatu.

"Imefunguka," Lokol akasema.

Sasa ilikuwa na vipande vya kizibo vinavyoelea kama kunguni. Natabo akaleta kichungio cha chai. Sufuria zote zilikuwa na chakula, isipokuwa ile ndogo nyeusi ya kila siku ya strungi, yaani chai kavu, maana chai ya maziwa mwaka ule ilikuwa hadithi ya watoto. Divai ikachujwa humo. Kile kizibo kikaziba shingo ya chupa, na vidole viwili vya divai vikagoma kutoka. Lokol aliipiga chupa kitako, akaisuta, akaiweka kando.

"Nipe faneli niirudishe kwenye chupa yenyewe. Mgeni hawezi kumiminiwa divai kutoka kwa sufuria."

"Faneli ipi? Ile ya dizeli? Unataka mzee wa watu awake moto?"

Basi akaifunika sufuria, akatoka kwenda kuazima faneli safi kwa jirani. Hakufika.

Upande wa mlima mbingu ilikuwa imekuwa nyeusi, si nyeusi ya jioni, nyeusi ya chungu. Upepo wa baridi ukapita Bulla Pesa, baridi ambayo watu walikuwa wameisahau jina. Kisha kitu kikagonga bati la choo, ta!

"Nani huyo anarusha mawe?" Lokol akafoka.

Likaja la pili, likampata begani. La tatu likampata kofia. Alipoinama kuliokota lilikuwa jeupe, lina baridi, linayeyuka kiganjani. Kabla hajasema neno, mbingu yote ikamwagika.

Mvua ya mawe! Isiolo! Mahali ambapo mvua ya kawaida huja kama mgeni asiyetaka kuvua viatu! Mabati yalilia kama yanapigwa na jeshi. Watoto walikimbia nje na karai vichwani, wakiokota barafu na kula. Mbuzi waliingia kwenye nyumba za watu bila kubisha hodi. Akuam alisimama katikati ya uwanja, mikono imefunguliwa, mawe yanamdunda shingoni kwenye shanga, mpaka Natabo akamvuta ndani kwa nguvu.

Na ndani ya kelele hizo, watu watatu wakatokea langoni wakikimbia. Pikapu yao ilikuwa imekwama barabarani, ambayo sasa ilikuwa mto. Mbele alikuwa Mama Mbaabu, yaani Kananu, viatu mkononi. Nyuma yake Mbaabu mwenyewe amebeba mkoba wa mama yake. Na wa mwisho, karai la kuazima kichwani, kibuyu kikubwa amekikumbatia kifuani ndani ya suti ya maini, alikuwa Mzee Ntongai.

*

Hakuna mtu anayeweza kuwa na majivuno huku meno yanagongana. Mzee Ntongai alijaribu.

"Ha-ha-habari za hapa," akasema.

"Nini?" Lokol akapiga kelele.

"Habari!"

"Mzee, sisikii! Mabati!"

Suti ilikuwa inadondosha maji ya rangi ya maini sakafuni. Mzee akapelekwa chumbani abadilishe. Ovaroli ya Lokol ilikuwa na grisi. Suruali ya Lokol ilimfika mzee kwenye mapaja ikakataa kuendelea. Ikabaki shuka, shuka nyekundu ya Kiturkana, safi, imekunjwa vizuri.

"Ni hii tu, mzee!" Lokol akamsogezea mdomo sikioni.

Ntongai aliitazama ile shuka kama mtu anayesoma barua ya korti. Kisha chafya ikamtoka, akaivaa. Alipojitokeza sebuleni, fundo begani na magoti nje, Kananu, ambaye Natabo alikuwa amemfunga leso mbili, alijifunika mdomo kwa kiganja. Mabega yake ndiyo yaliyomsaliti.

Mzee akatafuta kibuyu chake. Kilikuwa hakipo kitini alikokiacha.

"Kibuyu changu?"

Akal akaonyesha jikoni. Nyanya yake, Akuam, alikuwa amekusanya kila kilicholowa, suti, kofia, viatu, mkoba, na kibuyu juu yake, akavipeleka karibu na jiko vikauke. Mzee alitaka kwenda kukichukua, akajitazama magoti, akabaki.

Katika nyumba ile mtu aliyenyeshewa hakuulizwa habari kabla hajashika kitu cha moto mkononi. Hiyo ilikuwa sheria ya Akuam, na mvua au hakuna mvua, sheria ilikuwa palepale. Basi akaingia na sinia lenye vikombe vya bati, mvuke unapanda. Akampa mzee cha kwanza.

Ntongai akanywa. Tangawizi ilimpitia puani, iliki ikafuata, kisha utamu mzito, na nyuma ya utamu kulikuwa na kitu kingine, uchachu fulani wa kupasha moto tumbo, kama mtu amewasha taa ndani. Akanywa tena. Hakukuwa na mtu wa kuongea naye katika kelele hizo, kwa hiyo akakimaliza, akakiinua kikombe kumwonyesha Akuam. Akaongezewa.

Kananu naye alionja. Akatulia. Akatazama ndani ya kikombe chake, akamtazama yule ajuza, ajuza akamtazama yeye. Kananu akainua kikombe akanywa mpaka mwisho, akaomba cha pili.

Lokol na Natabo walipewa vyao, wakanywa wakisimama, roho juu, wakisikiliza bati kama litashikilia. Lokol alifikiri tu kwamba leo mama ametia tangawizi ya kutosha.

*

Mvua ya mawe ikakatika ghafla kama ilivyokuja. Ukimya ulikuwa mkubwa hata watu wakaendelea kupiga kelele kwa dakika moja nzima.

"CHAPATI NI TAMU!" Ntongai akasema.

"ASANTE!" Natabo akajibu, wakaangaliana, wakacheka.

Walikula. Na yule mzee aliyesema atakula kwanza kwake alikuwa hajala, ama kama alikula, tumbo halikukumbuka. Alichukua mbavu, akachukua mguu, akaomba tena ile strungi. Alisimulia jinsi karai lilivyomwokoa, jinsi mwenye karai alivyotaka dhamana ya saa yake, jinsi Mbaabu alivyoteleza akaanguka na bado akashikilia mkoba wa mama juu kama bendera. Mbaabu alimtazama baba yake kama anayeona mtu mpya. Akal alikuwa anatazama mlango wa jikoni. Kibuyu kilikuwa huko, na hakuna aliyekuwa amekitaja.

Kisha mzee akapangusa mikono. Akaketi wima, kadiri shuka ilivyomruhusu. Uso wake ukarudi kuwa ule wa sokoni.

"Sasa, Baba Akal. Tumekula. Lakini mimi nilisikia maneno kwa kinyozi. Nilisikia hapa kwako chakula kinaenda na kitu."

"Kweli kabisa, mzee," Lokol akasema. Ndiyo saa yenyewe. "Dakika moja."

Akaingia jikoni na glasi sita kwenye sinia. Akafunua sufuria nyeusi. Ndani kulikuwa na maganda ya tangawizi.

Akuam alikuwa anaosha vikombe.

"Mama. Kulikuwa na kitu kwa hii sufuria."

"Strungi. Ilikuwa baridi. Nikaongeza maji, nikaichemsha."

"Yote?"

"Watu wengi, sufuria ndogo. Ulitaka nigawe vijiko?"

Lokol akakaa juu ya gunia la makaa. Kutoka sebuleni sauti ya Ntongai ikamfuata, na ndani yake mlikuwa na kicheko kile cha soko la miraa. "Ama hiyo divai ilikwama njiani kama pikapu yangu?"

Maneno ya kujiokoa yalikuwepo, tena mengi. Angeweza kusema mawe yameivunja chupa. Angeweza kusema, mzee, si unajua mambo ya akina mama wakizeeka. Akamtazama mama yake. Mikono yake ilikuwa bado imevimba kwa kupigwa na mawe, na ilikuwa inamsugulia mgeni kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. Lokol akasimama, akarudi sebuleni na glasi zake tupu.

"Mzee," akasema, "divai mmeshakunywa."

"Tumekunywa lini?"

"Ile strungi. Mimi niliitia kwa sufuria ya chai nikatoka nikaiacha. Ikachemshwa. Kosa ni langu, lisipelekwe kwa mtu mwingine."

Natabo akafunika uso kwa kanga. Mbaabu akaangalia paa.

"Ile yenye tangawizi?" Ntongai akauliza polepole.

"Hiyo."

"Ile nimekunywa vikombe vitatu?"

"Vinne," Kananu akasema.

Sharubu za mzee zilianza kucheza. Lokol alijiandaa kwa lolote, hata kupigwa na glasi ya mwalimu.

"Wiki nzima," Ntongai akasema, "wiki nzima mimi nafundishwa kunywa divai! Kuna jamaa mmoja alikuwa mpishi wa wazungu, nimempa miraa kilo nzima anifundishe. Ati unainusa kwanza. Kisha unatingisha glasi. Kisha unaishika mdomoni, unaangalia juu kama mtu anayekumbuka deni. Kila jioni nafanya hivyo na juisi!"

"Alhamisi alijimwagia kitandani," Kananu akaongeza. "Nimefua shuka mbili."

"Wewe nyamaza! Nilikuwa na hofu, Baba Akal. Nilisema huyu mtu wa mashine ataniona mimi mshamba. Njiani nilikuwa naomba Mungu angalau chupa ivunjike. Sasa Mungu akanisikia vibaya, akavunja mbingu."

Lokol akaweka sinia chini. "Mzee, nikwambie ukweli? Mimi sijawahi kuionja hata tone. Niliona watu wakinywa, basi."

Wakatazamana, mmoja na shati lenye damu ya zabibu, mwingine na magoti wazi, na kicheko kilichowatoka kiliamsha mbuzi wa jirani aliyekuwa amejihifadhi chini ya kitanda.

*

"Leteni kibuyu changu," Ntongai akasema akijifuta macho.

Kicheko kikaisha hapohapo. Akal alikwenda jikoni. Alikaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kubeba kibuyu. Aliporudi alikuwa amekishika kwa mikono miwili, na hata kutoka mbali ilionekana kwamba kamba haipo.

Mzee alikipokea. Kilikuwa chepesi. Akatazama ndani, akatazama tena.

"Nani amekata kamba?"

"Mimi," Akuam akasema kutoka mlangoni, akipangusa mikono. "Sukari iliisha. Nikatia asali."

Mzee Ntongai akasimama. Ndani ya shuka au nje ya shuka, sasa alikuwa mwenye pikapu mbili. "Hii kamba ilikuwa yangu kuikata. Mimi! Nilikuwa sijaamua! Mtu hawezi kuingiza mkono kwa kibuyu cha mtu akammalizia maneno kabla hajayasema!"

Maji yalidondoka kutoka paani, to, to, to. Akal alisimama kama amepigiliwa sakafuni. Mbaabu akainuka akasimama karibu naye, hakumshika, alisimama tu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mbele ya baba yake.

"Keti, Baba Mbaabu," Kananu akasema.

"Nikae nini? Asali imeliwa!"

"Najua imeliwa. Nimeijua tangu funda la kwanza. Ni ya mizinga ya baba yangu, hiyo, nimekua nikiilamba kwa vidole. Ningesema. Nikaomba kikombe cha pili."

"Uliona, na ukanyamaza?"

"Ulikunywa, ukaanza kucheka." Kananu alikuwa anakunja leso magotini, kona juu ya kona. "Tangu kiangazi kianze hujacheka kwangu hata siku moja. Kila siku ni bei, ni tairi, ni nani amekuibia. Nikasema kama ni hii asali, wacha iliwe."

Akuam akaja akasimama mbele ya mzee, mdogo, amelowa shanga zote.

"Mwaka mmoja na nusu nimengoja mvua hapa," akasema kwa Kiswahili chake cha vipande vipande. "Leo imekuja na wewe. Mlango mmoja, wakati mmoja. Sasa nikurudishe nyumbani na kibuyu?"

Ntongai alimtazama ajuza, akamtazama mkewe, akamtazama Mbaabu, ambaye masikio yalikuwa yanamwaka lakini miguu haikusogea. Akakaa. Kiti kikalia.

"Kwa hiyo nimepata mkwe," akasema, "nikiwa nimevaa shuka."

"Na imekupendeza," Natabo akasema, akashtuka kwa ulimi wake mwenyewe. Lakini mzee akajitazama, akapanga fundo vizuri begani.

"Na mbuzi, Baba Akal? Usiseme asali imemeza mbuzi pia."

"Mbuzi tutaongea wakinona," Lokol akasema. "Nikikuomba ishirini leo, utaniletea mifupa ishirini na ngozi."

"Hayo ni maneno ya mtu mzima."

Ndipo Lokol alipoikumbuka chupa. Alikwenda akaileta, na kwa ncha ya mwiko wakasukuma kizibo mpaka vile vidole viwili vilivyogoma vikakubali kutoka. Kila mzee akapata tone la kufunika kitako cha glasi. Wakainusa. Wakatingisha. Wakashika mdomoni, wakaangalia juu kama watu wanaokumbuka deni, na bati, ambalo sasa lilikuwa na matundu zaidi ya kichungio, likamdondoshea Ntongai tone moja la maji katikati ya jicho.

Wakameza.

"Kali," Lokol akasema.

"Chungu," Ntongai akasema, akipepesa jicho.

"Ile ya mama ilikuwa bora."

"Mbali sana!"

Na kikaombwa kikombe kingine cha strungi. Safari hii ilikuwa strungi kweli, na wote wakakubaliana haikufikia ile ya kwanza.

*

Asubuhi Bulla Pesa iliamka ina harufu ya udongo. Nyuma ya choo kulikuwa bado na rundo dogo la barafu lililojificha kivulini, na watoto walikuwa wamelizunguka wanalinda lisiende. Natabo alikuwa anawasha jiko. Alinyoosha mkono juu ya kabati kuuchukua mkebe wa sukari, ili autupe mezani tupu na kumkumbusha Lokol kwamba duka halijahama. Mkono ukashuka kwa uzito.

Akafungua kifuniko. Mkebe ulikuwa umejaa mpaka mdomoni.

Akuam alikuwa palepale mlangoni kwenye ngozi yake, macho yamefungwa.

"Mama," Natabo akasema. "Sukari si hii hapa?"

Tumbako ikahama shavu.

"Miaka thelathini naishi hapa na Wameru," ajuza akasema. "Nimeona wakiolewa, nimeona wakikataliwa, nimeona vibuyu vinaenda na vinarudi. Unafikiri mimi sijui asali ya posa?"

Natabo alikaa chini akacheka mpaka machozi. Alipopata pumzi akauliza, "Na divai? Nayo ulijua?"

Akuam akafungua jicho moja.

"Divai gani? Kwa sufuria kulikuwa na strungi imechacha. Mwambie mwanangu aache kununua majani ya bei rahisi. Sasa tuna wakwe."